Ruhusa za Folda za Pamoja kwenye Mtandao wa Ofisi Ndogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa yule mtu ofisini ambaye hakuajiriwa kuwa fundi wa kompyuta, lakini folda ikigoma jina linaloitwa ni lake. Majibu mengi yanahusu Windows 10 na 11. Samba (programu ya kushea folda kwenye Linux), NAS (kifaa cha kuhifadhi faili kinachokaa kwenye mtandao) na Mac zina sehemu yao kuelekea mwisho. Jambo likiwa limeshaelezwa kwingine, nimekuelekeza huko badala ya kulirudia.

## Mambo ya kwanza

Ruhusa nimempa, nimeiona kwa macho yangu. Mbona bado anakataliwa?

Kwa sababu folda ya mtandaoni ina vizuizi viwili, na huenda umefungua kimoja tu. Cha kwanza ni ruhusa ya kushea, ambayo hapa nitaiita geti. Inawahusu wanaokuja kupitia mtandao peke yao, na ina ngazi tatu: Read, Change na Full Control. Cha pili ni ruhusa ya faili zenyewe kwenye diski, ile ya NTFS unayoiona kwenye kichupo cha Security. Nitaiita mlango. Mlango unamhusu kila mtu, awe amekuja kwa mtandao au ameketi mbele ya kompyuta yenye folda.

Anayekuja kwa mtandao hupimwa kotekote, na kinachoshinda ni kikali kuliko mwenzake. Geti likisema asome tu na mlango ukisema afanye atakalo, atasoma tu. Geti likiwa wazi na mlango umebana, vilevile atabanwa.

Hapa ndipo wengi hupoteza asubuhi nzima. Wanakwenda kwenye seva, yaani hiyo kompyuta yenye folda, wanaingia kwa akaunti ya mlalamikaji, faili inafunguka, inahifadhika, inafutika. Wanarudi wakiwa na hakika kwamba kosa ni la mlalamikaji. Kumbe pale kwenye seva wameruka geti. Jaribu ukiwa mezani kwake, kwa njia anayopita yeye.

Mimi geti huliweka Change kwa Authenticated Users, yaani kila aliyetambuliwa kwa akaunti yake, halafu kazi yote ya kubana na kulegeza naifanyia mlangoni. Sehemu ya kuchunguza inabaki moja.

Mtu akisema "folda haifunguki", nianzie wapi?

Mwambie akuonyeshe maneno yaliyotokea kwenye skrini, neno kwa neno. "Haifunguki" inabeba matatizo matatu yasiyo ndugu.

Ukiona 0x80070035 au kosa namba 53, kompyuta yake haijaifikia seva. Hapo usiguse ruhusa hata moja. Angalia kama seva imewaka, kama jina limeandikwa sawasawa, kama mtandao umewekwa kuwa Private badala ya Public, na kama ngome ya mtandao (firewall) haijafunga bandari (port) namba 445 ya TCP, ambayo hutumiwa na SMB, lugha ya Windows ya kushea faili. Ukiona 1326 au 86, seva imefikiwa lakini imekataa jina au nywila. Ukiona 0x80070005 au kosa namba 5, ametambuliwa na kunyimwa, na hilo ndilo suala la ruhusa hasa.

Halafu uliza maswali mawili: ni yeye peke yake au ofisi nzima? Ni faili moja au folda yote? Mtu mmoja na folda zote, tazama utambulisho wake. Watu wote na faili moja, tazama hiyo faili.

Nitajuaje seva inamtambua kama nani?

Kama ningeruhusiwa kubakiza swali moja tu kwenye ukurasa huu, ningebakiza hili. Seva haimjui mhasibu wala haijui ameketi dawati gani. Inajua jina la akaunti lililopelekwa, basi. Ukikosea kudhani ni nani aliyebisha hodi, utabadilisha ruhusa za mtu asiyehusika mpaka jioni.

Kwenye seva bonyeza Windows+R, andika `fsmgmt.msc`, kisha fungua Sessions. Utaona kila kompyuta iliyounganishwa na jina la akaunti inayotumia. Anayependa PowerShell atumie `Get-SmbSession` akiwa na mamlaka ya administreta.

Niliwahi kuhangaika na mhasibu aliyeweza kusoma kila kitu lakini hawezi kuhifadhi hata herufi. Geti sawa, mlango sawa, kikundi sawa. Nilipofungua Sessions, kompyuta yake ilikuwa imeingia kwa jina la "skana". Siku za nyuma mtu alikaa pale kutafuta nyaraka zilizoskaniwa, akaandika jina na nywila ya mashine ya kuskani, akaweka tiki kwenye kisanduku cha kukumbuka. Tangu hapo Windows ilikuwa ikimtambulisha mhasibu kama skana kila asubuhi, kwa uaminifu mkubwa. Ruhusa zote nilizompa mhasibu zilikuwa zinamsubiri mtu ambaye hajafika.

## Majina, nywila na utambulisho

Nywila ni ileile anayoingilia kwenye kompyuta yake, lakini seva inaikataa. Kwa nini?

Kwanza, hakikisha ni nywila kweli. Watu wengi siku hizi huingia kwa PIN, na PIN ni ya kompyuta ile moja tu, haisafiri kwenye mtandao. Kuna waliokwisha kusahau kwamba wana nywila.

Pili, katika ofisi isiyo na domeini (seva moja inayotunza akaunti za ofisi nzima), kila kompyuta ina orodha yake ya akaunti. Windows hujaribu kwanza jina na nywila alizoingilia mtumiaji. Zikifanana na zilizoko kwenye seva, anapita kimya kimya bila kuulizwa chochote. Akibadilisha nywila kwenye kompyuta yake, ile ya kwenye seva inabaki ya zamani, na kesho yake anakuja kwako.

Tatu, akaunti isiyo na nywila kabisa hukataliwa mtandaoni hata kama jina ni sahihi. Windows huiruhusu mbele ya kompyuta yenyewe tu.

Njia safi ni kumfungulia kila mtu akaunti ya kawaida kwenye seva kwa kuandika `net user mhasibu * /add` kwenye Command Prompt ya administreta. Amri hiyo itakuuliza nywila bila kuionyesha, na inafanya kazi hata kwenye Windows Home. Wakati wa kuunganisha, aandike jina la seva kabla ya jina lake, kwa mfano `SEVA\mhasibu`, ili isidhaniwe ni akaunti ya kompyuta yake.

Kosa namba 1219 linataka nini?

Windows haikubali mtu mmoja aingie kwenye seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Ameshaunganishwa kwa jina moja, mara nyingi bila kujua, na sasa anajaribu jingine.

Andika `net use` uone miunganisho iliyopo. Kisha `net use * /delete` huikata yote, kwa hiyo faili zihifadhiwe na kufungwa kwanza. Usiishie hapo: fungua Credential Manager, au andika `cmdkey /list`, ufute majina yaliyokumbukwa kwa ajili ya seva hiyo. Bila hivyo jina la zamani litarudi akiwasha tena kompyuta.

Ukitaka kuhakikisha haraka kwamba tatizo ni hilo, fungua folda kwa namba ya IP ya seva badala ya jina lake. Windows huchukulia hizo ni seva mbili tofauti, kwa hiyo itakuuliza utambulisho upya. Ikifunguka kwa IP na kugoma kwa jina, umepata jibu. Usiiache ofisi ikitumia IP kama dawa ya kudumu, maana siku namba hiyo ikibadilika mtaumwa wote.

Nimemwingiza kwenye kikundi chenye ruhusa, mbona hakuna kilichobadilika?

Orodha ya vikundi vyake ilisomwa alipoingia, na haisomwi tena akiwa ndani. Atoke kwenye akaunti, yaani Sign out, kisha aingie upya. Kufunga skrini na kuifungua hakutoshi. Kama hakuna domeini na hutaki kumsumbua, funga muunganisho wake kwenye Sessions, naye ataunganishwa upya akiigusa folda. Mwulize kwanza kama ana faili iliyo wazi.

Jana ilikuwa inafunguka. Windows imejisasisha usiku, leo haifunguki.

Hii mara nyingi huwapata wenye NAS ya zamani au folda iliyokuwa ikifunguliwa bila jina wala nywila. Microsoft imekuwa ikikaza kidogo kidogo. Tangu Windows 10 toleo la 1709, la mwaka 2017, SMB1, toleo la kwanza la SMB, haiwekwi tena kwenye usakinishaji mpya, na matoleo ya Enterprise na Education yakaacha kukubali kuingia kama mgeni. Windows 11 toleo la 24H2 lilifikisha katazo hilo la wageni kwenye Pro, na likaanza kudai kila muunganisho uwe na saini ya SMB, inayothibitisha kwamba data haikubadilishwa njiani.

Mtandaoni utaona maelekezo ya kurudisha SMB1 au kuruhusu wageni. Yanafanya kazi, ila unarudisha matundu yaliyozibwa kwa makusudi. Weka jina na nywila kwenye kifaa, sasisha programu yake, washa SMB2 au SMB3. Kama kifaa hakiwezi lolote kati ya hayo, umri wake wa kuhudumia nyaraka za ofisi umeisha.

## Kusoma, kuhifadhi, kufuta

Anafungua na kusoma vizuri, lakini hawezi kuhifadhi.

Anza na geti. Ukishea folda kupitia Advanced Sharing, Windows huweka Everyone: Read na kunyamaza. Wengi hutengeneza mlango kwa uangalifu mkubwa na kusahau kwamba geti lilibaki kwenye kusoma.

Geti likiwa sawa, angalia kama mlangoni amepewa Write badala ya Modify. Zinaonekana kama ndugu, lakini Write haina ruhusa ya kufuta, na Word haiandiki juu ya faili yako kama mtu anayeandika juu ya ubao. Inaunda faili mpya ya muda, inaandika humo, inaondoa ile ya zamani, kisha inaipa mpya jina la zamani. Asiye na haki ya kufuta atakwama katikati, na pengine kuacha folda imejaa faili zenye majina ya ajabu. Kwa kazi za kila siku mpe Modify.

Vyote vikiwa sawa na bado anagoma, rudi kwenye swali la seva inamtambua kama nani.

Naweza kuwaruhusu waweke na kuhariri faili lakini wasifute?

Unaweza, kwenye mipangilio ya Advanced, na utajuta. Sababu ni hiyo ya Word iliyoelezwa hapo juu: kuhifadhi kunahusisha kufuta. Tena kuna mtego mwingine. Haki ya Delete subfolders and files kwenye folda ya juu humwezesha mtu kufuta faili hata kama faili yenyewe haimpi haki hiyo.

Folda ya kutupia tu, ambapo watu huacha nyaraka na hawazihariri tena, inawezekana vizuri. Kwa folda ya kazi, linda kwa nakala rudufu. Na ujue hili mapema: faili iliyofutwa kupitia folda ya mtandao haiendi kwenye Recycle Bin, si ya aliyefuta wala ya seva. Inaondoka moja kwa moja. Washa Previous Versions kwenye seva, au pipa la taka la NAS kama lipo, kabla hujalihitaji.

Inasema faili imefunguliwa na mtu mwingine, na ofisini nimebaki peke yangu.

Hii si ruhusa, ni kufuli. Kwenye seva fungua `fsmgmt.msc`, kisha Open Files, utaona ni kompyuta gani imeishikilia. Mara nyingi ni kompyuta iliyolazwa ikiwa na faili wazi, au dirisha la hakikisho la File Explorer la mtu aliyeibofya mara moja tu akaendelea na mambo yake. Bofya kulia, chagua Close Open File. Kama mwenye faili alikuwa na mabadiliko ambayo hajahifadhi, utakuwa umeyaweka hatarini, kwa hiyo mpigie kwanza.

Kama Open Files haionyeshi kitu na ujumbe unaendelea, onyesha faili zilizofichwa kwenye folda hiyo. Utakuta faili ndogo inayoanza na `~$`, iliyobaki baada ya Word au Excel kufa ghafla. Ukishahakikisha hakuna aliyefungua nyaraka, ifute.

Nimehamisha faili kwenda folda ya wote, lakini watu bado wanakataliwa.

Hili linastahili kueleweka vizuri, kwa sababu kinyume chake ni hatari zaidi kuliko usumbufu.

Ukinakili faili, nakala ni kitu kipya, nayo hurithi ruhusa za folda inapozaliwa. Ukihamisha kwenda diski nyingine, Windows hunakili kisha hufuta, kwa hiyo matokeo ni yaleyale. Lakini ukihamisha ndani ya diski moja, faili haijasogea kabisa. Kilichobadilika ni anwani yake tu, na inakwenda na ruhusa zake za zamani mgongoni. Faili iliyotoka kwenye folda ya mkurugenzi itaendelea kuwakataa watu ikiwa katikati ya folda ya wote.

Sasa geuza. Mtu ameandaa orodha ya mishahara kwenye folda ya wote, kisha akaihamishia kwenye Mishahara na kushusha pumzi. Folda imefungwa, faili haijafungwa. Anayejua njia yake kamili anaweza kuifungua kwa kuiandika moja kwa moja, kwa sababu kwa kawaida Windows humruhusu mtu kupita folda asizoweza kuziona ili kufikia kitu alicho na haki nacho.

Dawa ni kuzilazimisha zilizomo ndani zirithi upya. Kwanza hifadhi ruhusa zilivyo:

`icacls D:\Ofisi /save C:\ruhusa.txt /T /C`

Kisha:

`icacls "D:\Ofisi\Mishahara\*" /reset /T /C`

Angalia ile nyota. Ukiandika jina la folda bila nyota, folda yenyewe nayo itafutiwa ruhusa ulizoiwekea na kurithi za juu yake, yaani Mishahara itafunguka kwa kila mwenye haki kwenye Ofisi. Amri hii pia hufuta ruhusa maalumu zilizowekwa kwa makusudi humo ndani. Mambo yakiharibika, `icacls D:\ /restore C:\ruhusa.txt` itarudisha yaliyokuwapo. Amri ya kurudisha huelekezwa kwenye folda iliyo juu ya ile uliyoihifadhi, ndiyo maana ni `D:\` na si `D:\Ofisi`.

Nitumie Deny lini?

Karibu kamwe. Kutompa mtu ruhusa kunatosha kumnyima. Deny huwashika watu usiowakusudia: ukiiweka kwa kikundi cha Users ili kuwazuia wafanyakazi, na wewe umo.

Ukiikuta imewekwa na aliyekutangulia, kumbuka mpangilio: katazo lililoandikwa kwenye faili yenyewe husomwa kwanza, kisha ruhusa iliyoandikwa hapohapo, kisha katazo la kurithi, mwisho ruhusa ya kurithi. Kwa hiyo usemi kwamba Deny hushinda daima si kweli kabisa. Ruhusa ya moja kwa moja hulishinda katazo lililorithiwa.

## Mambo ya pembeni

Mimi ni administreta. Nani ana ubavu wa kuninyima mimi?

Yeyote anayemiliki folda. Administreta hapiti kila mahali. Alichonacho ni haki ya kuchukua umiliki, kisha kujipa ruhusa. Amri ni `takeown /F D:\Ofisi\Zamani /A /R`, ambapo `/A` huukabidhi umiliki kwa kikundi cha Administrators badala ya wewe binafsi. Baada ya hapo weka ruhusa upya kama ulivyotaka ziwe.

Jihadhari na kile kidirisha kinachosema huna ruhusa, bofya Continue upate ya kudumu. Neno "kudumu" pale halina utani. Windows huandika jina lako kwenye ruhusa za folda hiyo, na litabaki. Nimeona folda ambazo orodha yake ya ruhusa imekuwa daftari la wageni la mafundi wote waliowahi kupita.

Kwenye Security kuna namba ndefu inayoanza na S-1-5-21. Ni virusi?

Hapana. Mara nyingi ni kitambulisho cha akaunti iliyofutwa. Windows haiandiki majina kwenye faili, huandika vitambulisho hivi na kuvitafsiri wakati wa kuonyesha. Ukikuta namba tupu, na una hakika mwenyewe hayupo tena, unaweza kuiondoa. Kwa sababu hiyohiyo, ukifuta akaunti ya mhasibu na kuifungua upya kwa jina lilelile, kwa seva ni mtu mgeni na ruhusa zote zimepotea.

Folda haionekani kabisa, wakati wenzake wanaiona.

Kama seva imewashwa kipengele cha access-based enumeration, asiye na ruhusa haonyeshwi hata jina la folda, kwa hiyo shughulikia ruhusa zake. Kama jina la kushea linaishia na `$`, limefichwa kwa wote na sharti liandikwe. Kama hata seva yenyewe haionekani chini ya Network, andika `\\seva\ofisi` moja kwa moja kwenye upau wa anwani. Ikifunguka, kilicholala ni ugunduzi wa mtandao tu, na ruhusa ziko salama.

Diski ya Z: iko kwenye File Explorer, lakini programu ya uhasibu inadai haipo.

Programu hiyo inaendeshwa kwa Run as administrator. Kwa Windows, wewe wa kawaida na wewe wa administreta mna vikao tofauti, na diski iliyounganishwa kwenye kimoja haionekani kwenye kingine. Ipe programu njia kamili, `\\seva\ofisi`, badala ya herufi.

Tumekua, na sasa anayechelewa kufika hawezi kuingia.

Windows 10 na 11 za kawaida hukubali miunganisho 20 kwa wakati mmoja, na simu, skana na kompyuta za mapokezi nazo huhesabiwa. Ukifikia hapo hakuna ruhusa itakayosaidia. Hamia Windows Server, NAS au Samba.

## Samba, NAS na Mac

Kwenye seva yetu ya Linux, kila anayeunda faili mwenzake anaisoma tu.

Ni tabia ya Samba isipoambiwa vingine: `create mask` yake ya kuanzia ni 0744, yaani mwenye faili anaandika na wengine wanasoma. Weka watu kwenye kikundi kimoja na uielekeze hivi:

```
[ofisi]
   path = /srv/ofisi
   valid users = @ofisi
   read only = no
   force group = ofisi
   create mask = 0660
   force create mode = 0660
   directory mask = 2770
   force directory mode = 2770
```

Ile 2 mwanzoni mwa 2770 hufanya kila kinachozaliwa ndani kiwe cha kikundi cha folda badala ya kikundi cha aliyekiunda. Endesha `testparm` kuangalia makosa ya kuandika, kisha `smbcontrol all reload-config`. Mipangilio hii hugusa faili mpya peke yake. Za zamani zirekebishe kwa `chgrp` na `chmod`, folda kivyake na faili kivyake.

Mipangilio ya Samba ni sahihi, bado inakataa.

Kuna sehemu tatu. Mtumiaji wa Linux si lazima awe mtumiaji wa Samba: mwongeze kwa `smbpasswd -a`. Kila folda kwenye njia, kuanzia `/srv`, lazima impe haki ya kupita, ile `x`. Na kama seva ina SELinux, ulinzi wa ziada wa Linux, folda inahitaji lebo ya `samba_share_t`, la sivyo utakataliwa huku ruhusa za kawaida ziking'aa.

Na kwenye NAS?

Ni geti na mlango vilevile, ila watengenezaji huvipa majina tofauti na kuvificha kurasa mbalimbali. Kwenye Synology, mtu aliye kwenye vikundi viwili akipewa Read/Write na kimoja na No Access na kingine, atanyimwa. Anza kutafuta hapo.

Usiingie kwa SSH na kupiga `chmod -R 777`. Kwenye vifaa vingi hiyo hufuta orodha za ruhusa zilizowekwa kupitia ukurasa wake, na utaanza upya folda moja baada ya nyingine.

Mac moja ofisini ndiyo inasumbua.

Unganisha kwa Finder, Connect to Server, ukiandika `smb://seva/ofisi`. Ikiendelea kukataa baada ya nywila kubadilishwa, ya zamani imehifadhiwa kwenye Keychain, hifadhi ya nywila ya Mac, ifute huko. Na faili iliyopewa jina lenye `?` au `*` kwenye Mac itazisumbua Windows hata ruhusa zikiwa kamili.

## Kupunguza simu za kesho

Kwani si rahisi kuweka Everyone: Full Control tukafanya kazi?

Ni rahisi, na inafanya kazi, ndiyo maana imeenea hivi. Lakini Full Control inajumuisha haki ya kubadilisha ruhusa zenyewe, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kukufungia wewe nje kwa bahati mbaya. Zaidi ya hapo, programu haribifu za kudai fidia hufunga kila faili ambayo mtumiaji aliyenaswa ana haki ya kuiandika. Kompyuta moja ya mapokezi ikinasa, ofisi nzima imenasa.

Kama kipimo cha dakika mbili, sawa. Ifungue, jaribu, na uirudishe hapohapo. Hata hivyo kichupo cha Effective Access, ndani ya Security kisha Advanced, hukupa jibu la mlango bila kufungua chochote: chagua mtu, kitakuonyesha anachoweza na asichoweza.

Tupange folda vipi?

Toa ruhusa kwa vikundi, usitoe kwa majina ya watu, hata kama kikundi kina mtu mmoja. Ruhusa tofauti ziishie kwenye folda za ngazi ya kwanza: Wote, Uhasibu, Mishahara, Uongozi. Mtu akiomba folda iliyo ngazi ya nne ndani ya Uhasibu ifichwe wahasibu wawili, itoe nje na uifanye ya ngazi ya kwanza. Wewe ndiye utakayeisahau, si yeye.

Mfanyakazi ameondoka. Nifute akaunti yake?

Usiifute leo. Izime kwa `net user jina /active:no`, kisha fungua Sessions umtoe kama bado ameunganishwa. Folda alizomiliki zikabidhi kwa Administrators kama ilivyoelezwa kwenye swali la administreta aliyenyimwa. Akaunti iache imezimwa mwezi mmoja hivi, kwa sababu karibu kila mara hujitokeza kitu kilichokuwa kinatumia jina lake bila mtu kujua: skana, kazi ya nakala rudufu ya usiku, au kompyuta ya mwenzake iliyokumbuka nywila yake.